Ganda Tupu la Risasi na Mikono ya Fundi Kijana



Liko swali ambalo wengi kati yetu hulitaja kwa sauti ya chini, nasi tunaona afadhali lizungumzwe mchana. Miongoni mwetu wamo wanaojifunza ufundi wa vyuma: kukata, kukereza, kuunganisha vyuma kwa moto. Mikono yao ni mahiri, na watu wanajua. Siku moja hufika mtu na ganda tupu la risasi, humwambia fundi: «Sikuombi bunduki. Nitengenezee tu kifaa kidogo cha kulijaza tena.» Je, kijana huyo akikubali, ametenda kosa gani? Hajaua mtu. Hajauza silaha. Ametengeneza kipande cha chuma chenye tundu na mpini, akapokea franka zake, akanunua unga kwa ajili ya wadogo zake.

Jibu letu tunalitoa tangu mwanzo, ili asiwepo wa kusema tumemzungusha: kifaa hicho si kidogo. Katika nchi yenye bunduki nyingi, risasi ndiyo inayoamua bunduki iseme au inyamaze. Anayerudisha uhai katika ganda lililokufa ameshika mlango wa nyumba kubwa, hata kama mikononi mwake anaona kitasa tu. Lakini jibu la namna hii halitoshi kutolewa bila sababu, na vijana wana haki ya kupewa sababu. Basi tuzifuate moja baada ya nyingine.

Risasi ni nini

Risasi, au masasi kama tunavyosema nyumbani, si kitu kimoja. Ni vitu vinne vilivyokaa pamoja: ganda, fataki, baruti na kichwa. Fataki hukaa kitakoni mwa ganda. Ikigongwa hutoa mwako. Mwako huwasha baruti. Baruti ikiungua hugeuka hewa ya moto yenye nguvu nyingi katika nafasi ndogo, na nguvu hiyo husukuma kichwa kupitia mtutu. Katika risasi za kuwindia za kalibre 12, mahali pa kichwa kimoja mara nyingi pana chembe nyingi ndogo. Baada ya mlio, fataki imekufa, baruti imeungua, kichwa kimekwenda. Kinachobaki ni ganda peke yake, nalo mara nyingi bado ni zima.

Ganda la bunduki ya mtutu wenye mifuo, likiwa la aina bora, hufanywa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, madini mawili ambayo watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa. Ndilo sehemu yenye gharama kuliko nyingine zote za risasi. Kwa hiyo tangu zamani watu wenye kubana matumizi walijiuliza: mbona tutupe kilicho ghali kwa sababu kilicho rahisi kimekwisha?

Mwaka 1866 watu wawili, Hiram Berdan wa Marekani na Edward Boxer wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipata hati ya ugunduzi wa aina yake ya fataki. Ya Boxer hutolewa kwa urahisi ganda likiisha kutumika. Ya Berdan hutoka kwa shida. Historia ikafanya mzaha wake: Wamarekani wakazoea fataki ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakashika ile ya Mmarekani. Ndiyo maana kazi ya kujaza risasi nyumbani ilistawi hasa Marekani. Ndiyo maana pia maganda mengi ya bunduki za kivita yanayookotwa katika mashamba yetu, yakiwa ya chuma na ya namna ya Berdan, hayafai sana kwa kazi hiyo. Kwetu, jambo hili linagusa hasa kalibre 12, silaha ya mwindaji, ambayo wakati wa fujo hugeuka silaha ya kijana mlinzi wa kijiji, kisha ya kundi lenye jina.

Mahali ambapo kazi hii ni mchezo wa jioni

Twende kwanza huko Marekani, kwa sababu yuko kijana atakayetuambia: «Wenzetu wanafanya hivyo nyumbani mwao, na hakuna anayewalaumu.» Ni kweli, na si haki kuficha ukweli huo.

Katika miaka ya 1870 wawindaji wa ngozi waliokaa miezi mingi mbali na miji walibeba baruti, risasi ya kuyeyusha na vifaa vya mkono, wakajaza maganda yao kando ya moto usiku ili asubuhi wapige tena. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vilipofanya kazi kwa ajili ya majeshi, raia walikosa risasi, na mafundi wa nyumbani wakajitafutia njia. Mwaka 1943 Fred Huntington, katika mji wa Oroville huko California, alianza kutengeneza vifaa vya kuundia vichwa vya risasi ndani ya nyumba ya biashara ya baba yake, ambayo ilikuwa ya kufulia nguo. Kutoka hapo ilizaliwa kampuni ya RCBS. Mwaka 1958, katika jimbo la Wisconsin, Richard Lee alibuni katika karakana yake ya nyumbani kifaa chepesi cha mkono ambacho mtu wa mshahara mdogo angeweza kukinunua. Leo wako Wamarekani wengi wenye meza ya kazi hiyo nyumbani, na wengine hujitengenezea sehemu za vifaa vyao wenyewe.

Tukiwatazama bila chuki, tutaona kwamba wengi wao ni watu wa utaratibu. Hupima baruti kwa mizani nyepesi. Hufuata vitabu vilivyochapishwa na viwanda, ambavyo hutaja kipimo na kuonya mtu asikipite. Huvaa miwani ya kukinga macho. Sheria ya nchi yao huwaruhusu kujaza kwa matumizi yao bila leseni, lakini mtu akitaka kuwatengenezea wengine kwa biashara, sheria ya mwaka 1968 humdai leseni. Tena, viwanda vingi vya bunduki huandika wazi kwamba dhamana yao haihusu silaha iliyoharibiwa na risasi za kujazwa nyumbani. Hata huko, basi, ambako jambo hili ni mchezo wa jioni, liko chini ya mizani, kitabu na mpaka wa sheria.

Tuseme sasa neno tunalotaka vijana walishike. Kifaa ndicho sehemu ndogo kabisa ya kazi ile. Kinachoizuia isigeuke msiba ni vyote vinavyokizunguka: kipimo kilichohakikiwa, baruti inayojulikana jina lake, mtutu uliopimwa kiwandani, sheria inayotofautisha anayejitengenezea na anayewauzia wengine. Mtu akikuletea ganda tupu na kukuomba kifaa, anakuomba kile kilicho rahisi kuiga, na hivyo vingine vyote vinabaki ng'ambo ya bahari.

Nguvu isiyosamehe

Fikirini juu ya nguvu iliyomo. Gurudumu la gari hubeba hewa iliyoshindiliwa mara mbili au zaidi kidogo ya hewa ya kawaida. Risasi ya kalibre 12, kwa nukta ya mlio, hufikia kiasi cha mara mia tatu au mia nne ya nguvu ya gurudumu hilo. Risasi ya bunduki ya kivita hupita mara elfu moja. Nguvu hiyo imefungwa mbele ya macho ya mtu, karibu na shavu lake, juu ya mkono wake wa kushoto. Bunduki iliyotoka kiwandani hujaribiwa kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa. Bunduki ya kijijini mara nyingi ina mtutu uliotokana na bomba, na bomba lilitengenezwa kupitisha maji.

Kosa dogo la kipimo halionekani kwa jicho. Risasi mbaya na risasi nzuri hufanana kama mayai mawili. Tofauti hujulikana pale kidole kinapovuta, na anayeijua wa kwanza ni mtumiaji: macho, vidole, taya. Nchini mwetu ni vijiji vichache vilivyo karibu na daktari wa macho. Kijana aliyejeruhiwa na bunduki yake mwenyewe huogopa hata kwenda kituo cha afya, kwa kuwa ataulizwa maswali. Fundi aliyetengeneza kifaa hayupo wakati huo. Lakini kazi yake ipo.

Shahidi aliyefundishwa kusema uongo

Iko sababu nyingine, nayo wengi hawaijui. Pinduza ganda la risasi utazame kitako chake. Mara nyingi utakuta maandishi yaliyopigwa kwa muhuri: alama ya kiwanda, na katika risasi za kivita mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Maandishi hayo ni shahidi mdogo. Katika mashariki ya nchi yetu, Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ambalo lilianza kazi mwaka 2004, limetumia alama za namna hii kuuliza maswali mazito: risasi hii ilitoka nchi gani, iliuzwa kwa nani, ilifikaje mikononi mwa watu hawa? Pale ambapo watu wameogopa kusema, ganda limesema.

Ganda likijazwa upya, shahidi huyu hupotoshwa. Muhuri bado unataja kiwanda na mwaka, lakini baruti, fataki na chembe za ndani si za kiwanda hicho wala za mwaka huo. Anayeokota ganda mahali pa mauaji atafuata njia isiyokuwepo. Mjane ataambiwa: «Hatujui ilikotoka.» Basi fundi aliyedhani kwamba ametengeneza kifaa cha kuokoa pesa amesaidia pia kufuta nyayo. Pengine hakukusudia, lakini sisi tunaoishi mahali ambapo makaburi mengi hayana mwenye kuulizwa, hatuwezi kuhesabu jambo hilo kuwa dogo.

Sababu za wanaotupinga

Tumezisikia sababu za upande wa pili, na tunaziheshimu, maana hazitoki kwa watu wabaya.

Ya kwanza ni ya mwindaji. Anasema: risasi ya dukani ni ghali, watoto wanahitaji mboga ya nyama, na babu zetu waliwinda. Tunamwelewa. Lakini turudi kwa wale wawindaji wa Marekani waliojaza maganda kando ya moto. Walikuwa wakiwinda baisoni, aina ya nyati wa nchi ile, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 walihesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walibaki mamia tu. Haikuwa kazi ya vifaa vya kujazia risasi peke yake: reli ilipita, biashara ya ngozi ilivuta, na serikali ilifumba macho kwa sababu wenyeji wa nchi ile waliishi kwa wanyama hao. Hata hivyo risasi rahisi, iliyoweza kufanywa porini, ilikuwa moja ya mikono iliyofanya kazi hiyo. Leo mashariki ya Kongo kuna gorila wa Grauer, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Katikati ya miaka ya 1990 alikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 watafiti walikadiria 3,800, na mwaka 2021 hesabu ikasahihishwa kuwa kama 6,800. Hata hesabu hii ya pili ni chini ya nusu. Kuwinda kwa bunduki kuzunguka machimbo ya madini kumetajwa kati ya sababu kubwa. Mwindaji anayesema risasi rahisi itawalisha watoto wake asahau kwamba msitu uliokwisha haulishi wajukuu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kijana anasema: «Usiku wanakuja. Serikali haipo. Mnataka tufe mikono mitupu?» Hakuna aliyekaa salama mjini mwenye haki ya kulicheka swali hili. Nasi hatusemi kwamba mtu hana haki ya kulinda uhai wa mama yake. Tunasema jambo moja tu, ambalo miaka thelathini ya mashariki yetu imetufundisha: silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya kulinda kijiji haikai kijijini. Kundi lililoanza kama walinzi wa mashamba huomba chakula, kisha hudai chakula, kisha huweka kizuizi barabarani. Wakati wote huo kitu kinachopima nguvu yake ni idadi ya risasi. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo nzito. Siku kijiji kinapokuwa na mtu wa kujaza maganda, kundi halimwachi: humhitaji kuliko linavyomhitaji mpiganaji wake mwenyewe. Kijana fundi aliyedhani amemsaidia jirani hujikuta amekuwa mali ya watu asiowachagua, na anayejua siri zao haruhusiwi kuondoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni ganda moja la kwanza.

Sababu ya tatu ni ya tumbo. «Nimesoma ufundi, kazi hakuna, na huyu ana pesa mkononi.» Mkono mtupu haulambwi, tunajua. Sababu hii tutaijibu mwishoni, maana kumwambia kijana «usifanye» bila kumwonyesha cha kufanya ni kumwacha alipokuwa.

Sheria, na wajibu wa wakubwa

Sheria ya nchi yetu haikusahau jambo hili. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inazungumza juu ya silaha pamoja na risasi zake, haikuzitenganisha. Baadaye mataifa ya Afrika ya Kati yalikubaliana juu ya Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa katika mji wetu mkuu tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika tarehe 8 Machi 2017. Jina lake rasmi ni refu, lakini kila neno lina maana: linataja silaha ndogo na nyepesi, risasi zake, na sehemu zote zinazoweza kutumika kuzitengeneza, kuzirekebisha au kuziunganisha. Walioandika jina hilo walijua kwamba silaha haianzi pale inapokuwa kamili. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mwongozo wa dunia nzima wa kusimamia risasi tangu zinapotengenezwa mpaka zinapoharibiwa, baada ya miaka mingi ya kushughulikia bunduki na kuiacha risasi nyuma.

Lakini tungekuwa waongo tukimtupia kijana fundi mzigo wote. Risasi nyingi zilizoua watu wetu hazikutoka katika karakana ya kijiji. Zilitoka viwandani, zikavuka mipaka kwa malori na ndege, au zikatoka katika ghala za majeshi mikononi mwa waliopewa kuzilinda. Ripoti za wataalamu zimeyasema hayo mara nyingi. Sheria inayomkamata mwenye nyundo na kumwacha mwenye ghala si sheria ya haki. Tunawaomba walio na madaraka walinde ghala zao, wahesabu risasi zao, na wawape watu usalama unaowaondolea sababu ya kumwendea fundi usiku. Hata hivyo, dhambi ya mkubwa haimpi mdogo ruhusa. Kila mmoja ataulizwa juu ya kilichopita mikononi mwake.

Mhunzi katika nchi

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, tunasoma kwamba Wafilisti walihakikisha hakuna mhunzi katika nchi yote ya Israeli, hata mkulima akalazimika kushuka kwao ili anolewe jembe lake na shoka lake. Walijua kwamba anayeshika upanga na anayeshika jembe humtegemea mtu mmoja. Somo hili lina pande mbili. Upande mmoja, taifa linalomwogopa mhunzi wake na kumfungia karakana hulala njaa. Upande mwingine, mhunzi mwenyewe anapaswa kujua ukubwa wake: yeye ndiye njia panda ambapo chuma huchagua kuwa kitu gani.

Tunao mfano katika Afrika yetu. Vita vya Msumbiji vilimalizwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na kati ya wapatanishi walikuwamo walei wa jumuiya ya Sant'Egidio. Bunduki zilibaki zimefukiwa na kufichwa nchi nzima. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la Msumbiji, pamoja na Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilisha silaha na majembe. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwa vipande, na wasanii wa Maputo wakavipokea vipande hivyo. Mmoja wao, Kester, mwaka 2001 alitengeneza kiti kizima kwa vipande vya bunduki, ambacho sasa kimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Nchini mwetu pia, kaskazini ya Katanga, mpango wa kiekumene wa PAREC uliwapa watu baiskeli kwa bunduki walizosalimisha baada ya vita vile vikubwa. Tazameni kwamba katika kazi hizi alihitajiwa fundi. Mtu asiyejua chuma hawezi kuivunja bunduki isitumike tena. Ujuzi ulioombwa kujaza ganda ndio ujuzi huo huo ulioombwa kulizika.

Cha kufanya kwa mikono hii

Turudi sasa kwa tumbo. Kijana anayeweza kutengeneza kifaa cha kushindilia kichwa cha risasi katika ganda bila kupinda, anaweza kutengeneza shinikizo la mafuta ya mawese lisilovuja. Anaweza kutengeneza mashini ya mkono ya kumenya kahawa, ambayo wakulima wa Kivu wanaihitaji kila msimu. Anaweza kutengeneza jiko la kupunguza makala, na kila gunia la makala lisilochomwa ni miti iliyobaki katika msitu wa Virunga. Anaweza kurekebisha vinu vya mihogo, kalibu za matofali na sabuni, pampu za visima. Watu wa Goma walichukua mbao na mpira wakaunda chukudu, ambayo haikutoka katika kitabu cha mtu yeyote, na leo inabeba viazi na makala ya mji mzima. Walioibuni waliitazama njia ya mawe na mzigo mzito, wakaamini mikono yao.

Kazi hizi hulipa polepole kuliko mtu wa usiku mwenye pesa mkononi. Hatuwezi kudai vinginevyo. Kwa sababu hiyo ni wajibu wa kikundi, wala si wa kijana mmoja. Kikundi cha vijana chenye fundi ndani yake kisimwache peke yake na mteja wake wa kwanza wa hatari. Kinunue chuma kwa pamoja. Kimtafutie kazi katika shule, zahanati na mashamba ya parokia. Kimkopeshe mtaji mdogo na kumdai kwa utaratibu. Wazazi nao, wanapomwona kijana ameleta pesa nyingi ghafla, wamuulize kwa upole kabla ya kushukuru.

Na siku yule mtu atakapofika na ganda lake, kijana asimtukane wala asimhubirie. Amjibu kwa heshima: «Baba, kazi hiyo siifanyi. Jembe lako likivunjika, niletee.» Asitaje majina, asijifanye shujaa, na akiona anatishwa, asikae na siri hiyo peke yake, awaendee wazee wa shirika na padri wake. Ganda lenyewe lisihifadhiwe nyumbani, wala watoto wasilichezee. Na mtu akiokota risasi ambayo bado haijalia, asiiguse wala asiifungue, bali awaite wenye kazi hiyo.

Tumesema mengi juu ya kitu kinachoingia katika kiganja cha mkono. Ni kwa sababu msiba wa nchi yetu umeingia kwa vitu vya ukubwa huo, kimoja kimoja, na kila kimoja kilipita mikononi mwa mtu aliyejiambia kwamba chake ni kidogo.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani wenye ujuzi wa vyuma, na ni nani anayewapa kazi?

2. Tukikuta kwamba mmoja wetu ameombwa kazi ya namna hii, tumsaidieje bila kumwaibisha na bila kumtia hatarini?

3. Ni kifaa gani kimoja ambacho mama zetu au wakulima wetu wanakihitaji, na ambacho kikundi chetu kinaweza kukitengeneza kabla ya mwaka kwisha?